Dirisha la Garvin Teague

Renae Teague aliingia uani kwa Odell Brackett asubuhi ya Jumamosi, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, amelikumbatia boksi kifuani kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Odell alimwona kupitia dirisha la karakana yake, banda la mbao alilolijenga nyuma ya nyumba baada ya kustaafu kiwanda cha samani. Akazima redio.

Alimjua binti huyu tangu akiwa tumboni mwa mama yake. Baba yake, Garvin, alikuwa rafiki wa Odell tangu shuleni, na miaka yote Garvin aliyoendesha gari namba themanini na tatu katika viwanja vidogo vya mbio vya milima ile ya Carolina Kaskazini, Odell ndiye aliyekuwa fundi bodi wake. Garvin alifia uwanjani Laurel Fork mwaka wa sabini na mbili. Arvella, mkewe, alikuwa na mimba kubwa. Sasa mtoto huyo alikuwa mwanamke wa makamo, dereva wa basi la shule, mwenye sauti ya kunyamazisha watoto waliojaa basi zima bila kugeuza shingo.

"Mjomba Odell, usiniambie una kazi," alisema akisukuma mlango kwa nyonga. "Najua huna."

"Ninayo. Namkwepa mchungaji."

"Basi mkwepe baadaye. Tazama."

Aliliweka boksi juu ya meza. Kifuniko kilikuwa na picha ya gari la bluu likipinda kona, vumbi nyuma yake, namba themanini na tatu mlangoni na jina la Garvin Teague juu ya dirisha. Kampuni moja ndogo ya Ohio ilikuwa imeanza kutoa magari madogo ya mfano, ya plastiki, ya kuunga kwa mkono, ya madereva ambao dunia ilikwisha kuwasahau. Renae alilikuta dukani, mjini Hickory, kwenye rafu ya chini, akasimama pale hadi muuzaji akamwuliza kama anajisikia vizuri.

"Nataka uliunge," alisema. "Kwa ajili ya mama."

Kisukari kilikuwa kimempofusha Arvella kabisa, na siku hizi kilikuwa kimehamia kwenye figo.

"Mama yako haoni, Renae."

"Anaona kwa vidole. Juzi kashika mkono wa koti langu akaniambia kifungo kimoja si cha koti hili, na ni kweli, nilikipoteza nikashona kingine. Nataka alishike gari la baba mkononi. Basi."

Odell alifungua boksi. Vipande vya plastiki nyeupe vilikuwa bado vimeshikamana kwenye vijiti vyake. Akaitoa bodi, akainyanyua mpaka usawa wa macho, akafumba jicho moja, akaigeuza taratibu kwenye mwanga. Renae alisubiri. Alianza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Vipi?"

"Paa limekaa juu mno. Mimi na baba yako tulikata nguzo tukalishusha, lipasue upepo vizuri. Rimu hizi si zetu. Na haya madigadi ya mbele kulia..." Alipitisha kidole gumba juu yake. "Mazuri kupita kiasi. Hatukuwahi kuwa na madigadi mazuri namna hii."

"Lakini si waliotengeneza walichunguza?"

"Walipata picha mbili tatu, wakachukua bodi ya gari jingine la miaka ya baadaye wakaibandika namba yetu. Siwalaumu. Nani angewaambia?"

Renae alikitazama kifuniko cha boksi, uso umemshuka. Tangu azaliwe alikuwa ameliona gari la baba yake katika picha moja tu, tena nusu yake imezibwa na mtu aliyeshika chupa ya soda. Alikuwa amekaa na boksi lile wiki nzima akijifunza picha ya kifunikoni, na sasa hata hiyo alikuwa ananyang'anywa.

"Kwa hiyo ni takataka."

"Sijasema hivyo. Nimesema lina makosa." Odell aliirudisha bodi bokseni kwa uangalifu. "Mama yako akilishika lilivyo, atakuwa ameshika gari la mtu mwingine. Niachie."

Kazi ilimchukua majira ya machipuko yote. Gari zima halikuzidi urefu wa kiganja na vidole vyake, na mikono yake haikuwa tena ile ya zamani; asubuhi nyingine ilimbidi aikalie kwanza ipate joto ndipo ashike wembe. Alikata nguzo za paa moja moja, akazipunguza kipande chembamba kama ukucha, akaziunga upya. Mara ya kwanza paa lilikaa upande. Akalivunja. Mara ya pili likakaa, na alipoliweka mbali kidogo akaona mabega ya gari lile yameinama mbele kama alivyoyakumbuka, likionekana lina haraka hata likiwa limesimama.

Renae alipita kila Jumamosi, mara nyingine na biskuti za moto zilizofungwa kwenye taulo. Mwanzoni alikuwa akitazama wembe kwa hofu. Baadaye alianza kuuliza.

"Haya matone uliyoweka hapa ni nini?"

"Ribiti. Baba yako aligonga ukuta kule Hickory, madigadi yakaisha. Pesa ya mengine hakuna. Akaenda nyumbani kwa mama yake, akang'oa mlango wa friji mbovu iliyokuwa barazani, tukaukata, tukaupiga ribiti pale. Kwa karibu ungeweza kuona alama ya mahali mshikio ulipokuwa."

"Unanitania."

"Bibi yako alimtafuta mwizi wa mlango ule mtaa mzima. Jumapili kanisani akaomba mwizi huyo asamehewe, na aliyeiba amekaa pembeni yake akisema amina."

Renae alicheka hadi akajifuta machozi. Kisha akachukua bodi, akapitisha kidole juu ya vitone vile vya gundi ambavyo Odell alikuwa amevidondosha kwa ncha ya sindano. Hakuna aliyewahi kumpa Renae baba aliyeiba kitu. Siku zote alikuwa amepewa yule wa kwenye fremu ukutani, mwenye nywele zilizochanwa.

Odell alichanganya rangi ya bluu mara nyingi kabla ya kuridhika. Lile la kweli lilipakwa rangi ya trekta iliyobaki kwa mjomba wa mtu, ikaongezwa rangi ya nyumba ili itoshe, na juani ilikuwa na ukungu ambao hakuna kopo la dukani lililo nao.

"Mjomba, rangi mama hataiona," Renae alimwambia.

"Mimi nitaiona."

Kilichobaki kilikuwa dirisha la dereva. Odell alilijua tangu siku ile ya kwanza, lakini hakulitaja. Dirisha hilo lilikuwa na wavu, ule wa mikanda ya kusuka unaomzuia dereva asirushwe mkono au kichwa nje gari likipinduka. Kwenye plastiki ile ulikuwa umeumbwa pamoja na bodi. Mara kadhaa alichukua kisu kidogo, akaweka ncha kwenye kona ya dirisha, akakumbuka kwamba matairi hayajasuguliwa. Matairi yakaisha kusuguliwa. Akakumbuka bampa.

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei Renae alimkuta amekaa, kisu mkononi, gari mbele yake.

"Limekwisha!" alisema. "Mbona hukuniambia? Zuri, Mjomba. Zuri sana!"

"Bado wavu. Sharti utoke."

"Kwa nini?"

"Hatukuwa nao. Nyavu zilikuwa zimeanza kwa wakubwa, kwenye mbio za televisheni. Kwetu huku hazijafika. Zilikuja msimu uliofuata."

Renae alivuta kiti, akakaa. Alikuwa anajua alivyokufa baba yake, kwa maneno machache ambayo watu humpa mtoto: gari lilipinduka. Hayo mengine aliyaokota ukubwani, huku na huku, kwa wanaume waliofikiri anayajua.

"Wavu ungekuwepo ingekuwaje?" aliuliza.

Miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Odell swali hilo. Yeye ndiye aliyefika kwenye gari wa kwanza. Alitazama nje, kuku wa jirani wakichakura kwenye majani yake.

"Kizimba cha vyuma ndani ya gari kilisimama imara. Kiti hakikung'oka. Mikanda ilimshika," alisema. "Angetoka anachechemea, akitukana watu wote."

"Basi uache."

"Renae."

"Uache, nakuambia."

"Ulitaka liwe sahihi, binti."

"Nilitaka liwe la baba yangu!" Sauti ile ya basi ilikuwa imetoka, kubwa kuliko banda. "Umebadilisha paa, sikusema. Umebadilisha rimu, umebadilisha kila kitu nilichokiona kwenye boksi, sikusema. Kitu kimoja walichokosea kwa wema, hicho ndicho unataka kukitoa? Hili hapa lenye wavu angerudi nalo nyumbani. Mimi ningemwona."

Odell aliweka kisu chini. Renae alilivingirisha gari kwenye taulo la biskuti, akatoka. Baadaye Odell alisikia pikapu yake ikiunguruma juu ya changarawe njiani, akabaki ameitazama meza iliyokuwa tupu.

Jumapili, baada ya ibada, simu yake ililia.

"Shemeji," ilisema sauti ya Arvella, nyembamba kuliko alivyoizoea. "Kuna maharage na mkate wa mahindi. Njoo ule. Na uje na kisu chako; Renae anakilaani na hasemi kwa nini."

Alimkuta jikoni, amekaa mezani, shali mabegani ingawa kulikuwa na joto. Renae alikuwa kwenye jiko, amewapa mgongo. Odell aliinama kumsalimu Arvella, naye akampapasa shavu.

"Nani alikudanganya kwamba umenyoa? Uso kama msasa."

"Nilinyoa kwa ajili ya Mungu. Wewe hukuwa kwenye hesabu."

"Kaa chini, mpumbavu wewe."

Walikula. Renae alipitisha siagi bila kumtazama Odell. Vyombo vilipoondolewa, Arvella alinyoosha mikono yote miwili juu ya kitambaa cha meza, viganja juu.

"Tangu jana binti yangu anatembea humu ndani kama mtu aliyemeza mwiba. Ananiambia ana zawadi, halafu hanipi. Haya. Leteni."

Renae alimtazama Odell, kisha akaenda chumbani akarudi na taulo. Akaliweka gari kwenye mikono ya mama yake.

Vidole vya Arvella vilianza nyuma, kwenye bampa, vikapanda buti, vikapita kioo cha nyuma hadi paani. Hapo vikasimama.

"Mmelishusha," alisema polepole. "Paa. Limeshuka." Akavuta pumzi. "Ni lenyewe."

"Ni lenyewe, mama," alisema Renae.

Vidole vikaendelea mbele, juu ya boneti, vikateremka kulia, vikakuta ribiti. Arvella akaanza kutikisika mabega, na Odell alidhani analia hadi alipomsikia.

"Friji! Odell Brackett, umeiweka friji ya mama mkwe wangu! Yule mama alikufa hajaujua ulikoishia mlango wake." Alicheka hadi akakohoa, Renae akamletea maji. Aliyanywa, akarudi kazini, sasa kwa haraka zaidi, kama mtu anayepita nyumba aliyoishi zamani akifungua milango. Chini ya mlango wa dereva, kwenye bomba la moshi, vidole vikasimama tena, akakunja uso.

"Ekzosi inafanya nini huku?"

"Ndiko ilikokuwa," alisema Odell.

"Wapi! Ilikuwa upande wa pili."

"Shemeji, niliifunga mimi mwenyewe kwa mikono hii."

"Na mimi iliniunguza mguu huu." Alipandisha pindo la gauni. Juu ya kifundo, kwenye ngozi iliyokuwa imekauka kwa ugonjwa, kulikuwa na kovu la mviringo, jeupe. "Nilisimama upande wa abiria nikimpa maji. Upande wa abiria, Odell. Utabishana na mguu?"

Odell aliinama akalitazama kovu lile. Picha ya gari aliyoibeba kichwani miaka yote, ambayo angeapa juu yake mahakamani, ilikuwa na bomba upande usio wake.

"Nitaihamisha," alisema.

"Utaihamisha, ndiyo."

Kisha vidole vya Arvella vilifika kwenye dirisha la dereva. Vikapapasa. Vikarudi, vikapapasa tena ile mistari midogo iliyosukwa.

"Hiki ni nini?"

"Wavu, mama." Renae alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Wameuweka waliotengeneza. Mjomba alitaka kuutoa, nikamkataza mimi."

Arvella aliliweka gari chini, lakini hakuliachia.

"Nilishona mmoja," alisema.

Odell aliinua kichwa.

"Doyle, kaka yangu, aliniletea mikanda ya turubai kutoka jeshini. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba wale wakubwa wameamriwa kufunga nyavu. Nikaushona kwa cherehani ya mama, nikavunja sindano hata sijui ngapi. Nikampa Garvin. Akausifu, akanibusu, akautundika msumarini karakanani kwake. Akasema mbio za wiki hii zipite, ataufunga. Unajua alipenda kutoa mkono nje akipita mbele yetu wakati wa mzunguko wa taratibu kabla ya mbio."

"Niliuona," alisema Odell. "Pale msumarini. Nilidhani ni mkanda wa kunyanyulia injini. Sikumwuliza."

"Ungemwuliza angekujibu vilevile. Wiki ijayo. Garvin kila kitu kilikuwa wiki ijayo, hata kitanda cha mtoto."

Renae alizunguka meza akakaa karibu na mama yake. "Uko wapi sasa? Huo wavu?"

"Niliufumua. Mikanda ilikuwa mizuri, nitaitupaje? Nikakutengenezea bembea, nikaifunga hapo mlangoni." Alionyesha kwa kidevu, na hakukosea, mlango ulikuwa hapo. "Ulikaa humo mpaka ukajua kutembea. Nikipika, nakusukuma kwa mguu. Ulikuwa hulii ukiwa humo."

Renae aliutazama mlango. Juu ya fremu, chini ya matabaka ya rangi, palikuwa na matundu mawili. Alikuwa amepita chini yake maisha yake yote.

"Kwa hiyo kata," alisema Arvella.

"Mama..."

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nilimzika mume wangu. Nilikwenda hadi kaburini na tumbo hili likiwa limenitangulia, nikamwacha pale, nikarudi. Usiniletee gari la mtu aliyefika nyumbani salama. Nitakaa hapa nikimsubiri. Sina muda wa kumsubiri tena."

Odell alitoa kisu mfukoni, akakifungua, akasita. Kisha akakigeuza, akampa Renae upande wa mpini.

Renae hakuwa na mkono wa kazi ile. Alikata polepole, Odell akimwelekeza kwa maneno mafupi, hapo, usikandamize, acha kisu kijivute chenyewe. Mstari mmoja, mwingine. Vipande vilidondoka kwenye kitambaa cha meza, vidogo kama makombo. Mara moja ncha iliteleza ikachana rangi chini ya dirisha, Renae akasema neno ambalo mama yake alijifanya hakulisikia. Alipomaliza alipuliza vumbi la plastiki, akampa Arvella gari.

Arvella aliingiza kidole dirishani. Kikapita bila kuzuiwa mpaka kwenye kiti. Akakiacha humo muda mrefu, uso wake umetulia, midomo ikijongea kidogo.

"Alikuwa anakaa kaegemea huku," alisema mwishowe. "Bega la kushoto. Nilikuwa nikimwambia kaa vizuri."

Renae aliegemeza kichwa begani kwa mama yake akalia, si kwa kelele. Na alipokwisha kulia alianza kuuliza: sauti yake ilikuwaje, alikuwa akila nini asubuhi ya mbio, nani alimletea mama habari. Arvella alijibu yote. Odell alikaa akisikiliza mpaka jua likahama dirishani, na pale Arvella aliposahau jina, alimsaidia.

Ekzosi ilihamishwa. Mkwaruzo chini ya dirisha Odell aliuacha, kwa sababu Renae alimwomba.

Mwezi wa Juni, siku ambayo Arvella aliamka na nguvu kidogo, alisema anataka kwenda Laurel Fork. Walimwambia hakuna kitu kule, uwanja ulifungwa zamani, ni miti tu. Akasema hakuwa ameomba kitu cha kutazama. Renae aliendesha, Odell akakaa nyuma na fimbo ya kutembelea ya Arvella magotini.

Misonobari ilikuwa imeota katikati ya njia ya lami, mirefu, na ukuta wa kona ya mwisho ulikuwa umemezwa na mizabibu ya mwituni. Walimshika huku na huku, wakaenda hatua kwa hatua. Kwenye mteremko uliokuwa na nyasi Arvella alisimama, akaukanyaga udongo mara mbili kwa kisigino.

"Hapa," alisema. "Wake za madereva tulikuwa tunakaa hapa. Huku chini ndiko walikokuwa wakipita."

Odell alitazama. Arvella alikuwa sawa. Odell alitandika koti lake juu ya nyasi, wakamsaidia kukaa, na Renae akakaa kando yake. Odell alibaki amesimama, kofia mkononi, kwa kuwa magoti yake yangemkatalia kuinuka. Upepo ulipita juu ya misonobari. Arvella alikuwa akimwonyesha binti yake kwa kidole gari lilivyokuwa likitokea kona ile ya kwanza, na Renae alikuwa akifuata kidole hicho kwa macho, polepole, hadi mwisho wa njia.